Siku Jaji Aliposifu

Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya watu. Hakuwa daktari, ingawa wagonjwa wengine walimwita hivyo na yeye hakuhangaika kuwasahihisha. Daktari alikuwa na chumba cha mbele, chenye kiti cha kuegemea na taa kubwa. Yeye alikaa chumba cha nyuma, penye sinki, jiko dogo la gesi, ndoo ya plasta na dirisha lililotazamana na ukuta wa jirani. Chapa ya fizi za mgonjwa ikiletwa, aliimiminia plasta, akasubiri ikauke, kisha akapanga meno ya bandia juu ya nta, jino moja baada ya jingine, akikwangua hapa na kuchonga pale mpaka yakae kama yameota yenyewe. Kazi iliyolegea aliitupa akaanza upya, hata kama mgonjwa mwenyewe angeridhika nayo. Mdomo wa mtu, alikuwa akisema, si mahali pa kufanyia mzaha.

Jicho hilo la kutafuta kasoro alitembea nalo kila mahali, na ndilo lililomfanya aitwe Jaji. Jina alilipata kwa kinyozi, mlango wa tatu kutoka kliniki, ambako palikuwa na mashine ya gemu kwenye kona kwa ajili ya wateja wanaosubiri zamu. Mashine yenyewe ilitoka kwa kampuni ya mbali na ilikuwa na jina la herufi na namba ambazo hakuna aliyejisumbua kuzikariri. Watu waliiita Kobe, kwa sababu ya mgongo wake wa mviringo na kwa jinsi ilivyochukua muda wake kuwaka. Mashine ya kampuni pinzani, iliyokuwa nene na nzito, iliitwa Tembo, na kati ya watu wa Kobe na watu wa Tembo palikuwa na maneno yasiyoisha.

Lakini maneno makali zaidi yalikuwa ya watu wa Kobe wenyewe kwa wenyewe. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana Jaji alikuja pale kwa kinyozi, akakaa kwenye benchi chini ya kioo, na mbele yake akakaa shemeji yake, kaka mdogo wa mkewe, muuza simu mwenye mwili mwembamba na kicheko kikubwa kuliko mwili. Huyu walimwita Matumaini. Gemu zikitoka mbovu namna gani, yeye alikuwa na uhakika kwamba zinazokuja zitakuwa nzuri.

"Mwaka huu Kobe ametuletea nini?" Jaji alianza Jumapili moja, akihesabu kwa vidole. "Mpira. Mpira uleule wa mwaka jana, wamebadilisha jezi. Kipa bado anarukia upande ambao mpira haupo. Halafu vita. Adui walewale, ukuta uleule wa kujificha. Halafu mbio za magari ambazo mimi nilizicheza sina hata ndevu, wamezipaka rangi wakaziita mpya."

"Wameziboresha, shemeji," alisema Matumaini. "Kona zile za milimani ni kitu kingine kabisa."

"Wamezipaka rangi. Hata jeneza hupigwa vanishi."

Wateja wakacheka, na kinyozi akaondoa mashine ya kunyolea kichwani mwa mteja kwanza, asije akamchora.

"Sawa," Matumaini aliendelea, naye anacheka. "Lakini subiri za mwisho wa mwaka. Ile ya msituni, umeona picha zake?"

"Picha. Hata mimi nina picha nimevaa suti."

Aliyecheka zaidi ya wote alikuwa Matumaini mwenyewe. Hivyo ndivyo walivyokuwa. Baada ya mabishano waliondoka pamoja wakaenda nyumbani kwa Jaji, wakacheza gemu hizohizo zilizotukanwa mpaka mke wa Jaji akaja kuzima televisheni kwa mkono wake. Mke huyu, ambaye kila mtu alimwita Mama Pacha kwa ajili ya mabinti zao wawili, alizoea kusema kwamba aliolewa na mwanamume mmoja akapewa watoto wanne.

Wazo la kurekodi lilikuwa la kinyozi. Aliegemeza simu kwenye chupa za dawa ya nywele, akawaambia wabishane kama kawaida, akarusha mtandaoni. Jumapili ya kwanza walisikilizwa na jamaa tu. Baadaye wakaanza kusikilizwa na watu wasiowajua, kisha na watu wa mbali, na ulipokwisha mwaka, Jaji alikuwa akisimamishwa barabarani na vijana waliotaka amtukane mtengenezaji fulani wa gemu mbele yao, waondoke na tusi hilo kwenye simu. Kinyozi alinunua kipaza sauti, akapachika ubao wenye maandishi *Kikao cha Kobe*.

Na kinyozi, ambaye alisoma maoni yote, hakuficha alichokiona huko. "Wanakupenda wewe, mzee," alimwambia Jaji. "Wanataka uzichinje gemu. Ukisema gemu ni nzuri, wanaondoka."

Jaji alilichukua neno hilo kwa utani, lakini lilimkaa. Alianza kuja na matusi aliyoyaandaa. Akiwa kazini, mkono ukisugua jino, midomo yake ilikuwa ikijaribu sentensi, akibadilisha neno moja, akirudia. Matumaini aliliona kabla ya wengine.

"Shemeji, ile gemu ya juzi uliifikisha wapi?" alimuuliza njiani siku moja.

"Niliona inakoelekea."

"Hujaifikisha popote. Ulicheza mwanzo tu. Yale uliyosema kuhusu mwisho wake hayapo."

"Kwani nani amelalamika?"

Walitembea mpaka kwenye kona, wakaongelea mambo mengine.

Kisha ukaja msimu wa Kobe kutangaza gemu zake za mwaka unaofuata. Maonyesho hayo yalirushwa mtandaoni, na kinyozi alitundika shuka jeupe ukutani ili watu watazame pamoja. Duka lilijaa mpaka mlangoni. Zikapita za mpira, za vita, za majoka yanayotema moto, na Jaji alikuwa na neno kwa kila moja. Katikati ya zile ndogo ndogo, zinazopewa sekunde chache na kupita, ikaja picha ya mji uliozungukwa na maji ya mafuriko na mwanamke aliyevaa buti za mpira, akitembea juu ya ubao kutoka paa moja hadi paa jingine. Sauti ya mwanamke huyo ilizungumza Kiswahili. Maandishi yakatokea: *Tarishi*.

Watu waligeukiana. Hawakuwahi kusikia Kobe akiongea lugha yao.

"Hiyo ni yetu," alisema Matumaini. Alikuwa amesimama karibu na mlango. "Mimi na wenzangu. Maneno yote ya mle ndani nimeyaandika mimi."

Watu walimrukia, wakambeba, wakamgonga mgongo. Kinyozi alimmwagia kolonya kichwani. Jaji naye alienda akampa mkono, akasema hongera, na watu waliona wameshikana mikono na wakapiga picha. Lakini jambo moja lilimuuma. Huyu mtu alikaa mbele yake kila Jumapili. Alikula mezani kwake. Siku zote hizo alikuwa na jambo kubwa namna hii kifuani, na hakumwambia.

"Ungenidokeza," alimwambia baadaye, walipobaki wawili nje.

"Niliogopa, shemeji."

"Uniogope mimi?"

"Ungeniambia kasoro zake kabla haijasimama. Ningekata tamaa nikaiacha." Matumaini alisema hivyo kwa upole, bila lawama. "Nilitaka kwanza isimame."

Lingekuwa tusi, Jaji angejua la kulijibu. Ukweli ule ulimchoma, akaenda nao nyumbani, akalala nao, akaamka nao, na miezi yote ya kuisubiri hiyo gemu haukumtoka.

Siku chache kabla haijaingia sokoni, Matumaini alimletea. Alikuja kliniki kabisa, mlango wa nyuma, akamkuta Jaji amevaa aproni iliyotapakaa plasta.

"Nakuomba kitu kimoja tu," alisema. "Icheze mpaka mwisho kabla hujaiongelea. Ukishaifikisha mwisho, iseme unavyotaka. Ichinje. Sitakasirika."

"Nimekuelewa."

"Mpaka mwisho, shemeji."

"Nimesema nimekuelewa."

Aliicheza Jumamosi moja, mchana. Tarishi alikuwa mwanamke aliyepeleka maneno kwa mdomo katika mji ambao simu zilikufa kwa mafuriko. Mtu wa paa hili anakupa ujumbe kwa mtu wa paa lile, na wewe mchezaji unatakiwa uukumbuke, kwa sababu haukuandikwa popote. Ukifika, unachagua maneno ya kusema. Ukiyapunguza, ukiyaongeza, ukiyapindisha, watu wanapatana au wanakosana. Ndiyo gemu yote. Hakuna kupiga risasi.

Jaji aliona kasoro mara moja, na zilikuwepo kweli. Miguu ya Tarishi ilizama ndani ya mbao. Maji yalimeremeta kama nailoni. Kila alipobadilisha mtaa, picha iliganda kwa muda mrefu mpaka mtu akaweza kwenda kunywa maji na kurudi.

Kisha akafika kwenye paa la bibi mmoja aliyekaa chini ya mwavuli, ambaye hakutoa ujumbe mpaka kwanza aulize habari za mama yako, za baba yako, za watoto, za miguu yako, umekula nini, ulilala saa ngapi. Akamaliza, akaanza upya. Jaji aliacha kubonyeza vitufe vya pedi ya kuchezea. Alimjua bibi yule. Maneno yale, ule mtindo wa kusema "nambie, nambie tena" huku akiwa ameshasahau alichouliza, yalikuwa ya marehemu mama mkwe wake. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine, lakini maneno yalikuwa ya mama mkwe. Miezi ya mwisho ya ugonjwa wake, mama yule alilazwa katika chumba kilekile alichokaa Jaji sasa, akiuliza habari za watu wote na kuanza upya.

Alizima mashine hapo. Alijiambia amechoka. Alichokuwa nacho kichwani, na alikijua, kilikuwa sentensi ya kusema Jumapili. Ilikuja yenyewe, imekamilika, na ilikuwa nzuri.

Jumapili kwa kinyozi palikuwa hapatoshi. Watu walikaa mpaka kwenye ngazi. Kinyozi alitangaza kwamba leo Jaji anahukumu kazi ya shemeji yake mwenyewe, na wasikilizaji walikuwa wengi kuliko siku zote. Matumaini alikaa mahali pake pa kawaida, amevaa shati jipya.

"Umeicheza?" aliuliza.

"Nimeicheza."

"Mpaka mwisho?"

"Mtu akikupa chai ina nzi," alisema Jaji, "huhitaji kuimaliza ndiyo ujue."

Duka lililipuka kwa kicheko. Matumaini alitabasamu, akangoja kitulie. Jaji akaendelea. Akasema juu ya miguu inayozama, kwamba Tarishi amezikwa nusu na bado anatumwa kazi. Akasema juu ya maji, kwamba mafuriko yale yameshonwa na fundi wa mapazia. Akasema kwamba Kobe ametufikia na lugha yetu hatimaye, na kumbe alikuja kutuambia tusubiri, picha imeganda. Kila alichosema kilikuwa na ukweli ndani yake, na kila kimoja kiliwaangusha watu kwa kucheka. Alijisikia mwepesi. Lile lililomchoma miezi yote lilikuwa linatoka.

"Na yule bibi wa mwavuli," akasema.

Matumaini aliinua macho.

"Yule bibi anaongea kama redio iliyoishiwa betri ambayo watu wa nyumba wanaona haya kuizima."

Walicheka kupita yote. Kinyozi aliinama akashika magoti. Katika kelele zile Jaji alimtazama shemeji yake, akaona uso wake umeshuka, umekuwa mtupu, kama ukuta uliobanduliwa picha. Matumaini alisubiri mpaka kicheko kikapungua. Akasogea kwenye kipaza sauti, akasema, "Nawashukuru wote mnaotusikiliza," kisha akasimama, akawapisha watu kwa adabu, huyu samahani, huyu samahani, mpaka mlangoni.

Kipande kile cha redio na betri kilizunguka siku ileile. Watu walikirudia kazini, shuleni, kwenye foleni. Waliokuwa wamepanga kununua *Tarishi* walikisikia kwanza. Wengine waliinunua ili tu wafike kwa bibi na kumcheka, kisha wakaiacha hapohapo. Wenzake Matumaini walikuwa na gemu ya pili waliyoianza. Waliokuwa wamewaahidi msaada wakasema tusubiri kwanza, na kusubiri huko kukawa ndiyo jibu. Kundi likatawanyika. Matumaini hakurudi kwenye duka la simu, kwa kuwa vijana wa pale nao walikuwa na kile kipande. Alipata kazi kwenye ghala la vifaa vya ujenzi, kupokea na kutoa mizigo.

Mama Pacha hakupiga kelele. Jioni ya Jumapili ile alikuwa anakunja nguo za watoto, na Jaji alipoingia, aliendelea kukunja.

"Ulimtambua?" aliuliza.

Jaji angeweza kusema hapana. "Nilimtambua," alisema.

"Nilidhani hukumtambua. Mchana kutwa nilikuwa najiambia hakumtambua."

Akachukua nguo, akaenda nazo chumbani kwa watoto. Tangu siku hiyo aliongea naye mambo ya nyumba. Maji yamekatika. Mmoja wa pacha ana homa. Fundi wa bomba atakuja kesho. Chakula kilikuwepo, shati lilipigwa pasi, na Jaji asingeweza kumlalamikia kwa lolote.

Kikao kiliendelea. Kinyozi alimtafutia Jaji mtu mwingine wa kubishana naye, kijana wa Tembo mwenye kupayuka, na maneno yakawa mengi. Lakini Jaji alianza kuchoka na sauti yake mwenyewe. Kwenye kliniki alirudia meno ya mgonjwa mmoja mara nyingi mpaka daktari akaja nyuma kuuliza kuna nini.

Mwaka uliofuata, siku moja ya mapumziko, mvua ilinyesha tangu asubuhi na Mama Pacha alikuwa amewapeleka watoto kwa shangazi yao. Jaji alitafuta *Tarishi*, akaiwasha, akaanza upya. Alipofika kwa bibi wa mwavuli alikaa akamsikiliza mpaka mwisho wa maswali yake, ya mama, ya baba, ya miguu, ya chakula. Bibi aliyarudia yote mara tatu, nayo maswali yakabadilika kidogo kila mara, na mara ya tatu bibi akampa ujumbe. Ulikuwa kwa mwanawe aliyekaa paa la mwisho, na ulikuwa umetawanywa ndani ya yale maswali. Aliyekuwa na haraka asingeupata kamwe.

Akaupeleka. Njiani alipotea, akarudi, akakosanisha ndugu wawili kwa neno moja aliloliongeza bila kufikiri, na hakuna alichoweza kufanya kulirekebisha. Gemu haikumruhusu kurudi nyuma. Miguu ilizama kwenye mbao kama mwanzo na picha iliganda kama mwanzo, naye alisubiri. Alipofika mwisho mvua ilikuwa imekwisha. Alibaki ameshika pedi, na hakukuwa na mtu wa kumwambia. Katika miaka yote ya Kobe hakuwahi kukutana na kitu cha namna ile.

Alienda ghalani kwa miguu kesho yake, akitoka kazini. Matumaini alikuwa anahesabu mabati. Alikuwa amenenepa kidogo, na alikuwa na kalamu sikioni.

"Karibu, shemeji. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Nimekuja kukuambia nimeifikisha mwisho."

Matumaini alielewa bila kuuliza ni nini. Alisogeza kiti cha plastiki, akampisha akae, yeye akabaki amesimama.

"Ni nzuri," alisema Jaji. "Ni nzuri sana. Mama yumo mle. Nilikosea vibaya, tena nikijua nakosea."

"Nashukuru."

"Niambie basi hata neno."

"Nimeshukuru, shemeji." Hakukasirika. Alikuwa na adabu ileile ya siku ile alipokuwa akiwapisha watu mlangoni. "Umekuja kuniambia hapa, tuko wawili na mabati. Yale mengine uliyasema wapi?"

Lori lilipiga honi nje, naye akaenda kulifungulia geti.

Jumapili iliyofuata Jaji alimwambia kinyozi kwamba leo hakuna mabishano, ana jambo la kusema. Kijana wa Tembo akanyamazishwa. Jaji akakivuta kipaza sauti.

"Nataka kuongelea *Tarishi*," alisema, na hata kabla hajaendelea watu wawili wa nyuma walishaanza kucheka.

"Nasema kweli. Ile ni gemu bora kuliko zote nilizowahi kucheza kwenye mashine hii."

Wakacheka wote.

"Yule bibi wa mwavuli nilimtukana kwa ujinga wangu. Ukimsikiliza kwa subira, utamkumbuka mtu uliyempenda."

Mtu mmoja alipiga benchi kwa kiganja. Mteja aliyekuwa kwenye kiti alitikisika mpaka kinyozi akashindwa kumnyoa, na kinyozi mwenyewe machozi yalikuwa yanamtoka. Jaji alipandisha sauti, akasema hatanii. Uso wake ulikuwa mkavu kabisa, ule uso mkavu waliouzoea, na kadiri alivyokazana ndivyo walivyozidi kuvunjika mbavu. Akasema aliyeandika maneno yale ana kipaji. Akasema anaomba radhi. Neno radhi ndilo lililowamaliza.

"Mzee, leo umeua," kinyozi alimwambia, akijifuta macho kwa taulo la wateja. "Hii imeipita ile ya redio."

"Nilikuwa nasema kweli."

"Ndiyo utamu wake," alisema kinyozi.

Kabla hajafika nyumbani kipande kilikuwa kimeshazunguka. Walikipa jina, *Jaji Aomba Radhi*, na watu waliweka muziki wa kilio chini yake. Jirani aliyekuwa anaosha gari alimwinulia dole gumba. Mama Pacha alikuwa jikoni, simu yake imelala kifudifudi mezani.

"Umesikia?" Jaji aliuliza.

"Nimesikia."

"Sikuwa namdhihaki."

"Najua." Alizima jiko, akageuka akamtazama, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu. "Mimi nimekaa na wewe, naijua sauti yako ukisema kweli. Wao wataijulia wapi?"

"Na kaka yako?"

"Amenipigia. Ameniomba nikuambie usimtaje tena. Kwa uzuri wala kwa ubaya."

Jaji alimtumia kinyozi ujumbe siku hiyohiyo kwamba haji tena. Kinyozi alidhani anataka kubembelezwa, akambembeleza kwa wiki kadhaa, kisha akamweka kijana wa Tembo kwenye benchi lake. Wasikilizaji waliuliza kidogo, wakazoea. Kobe alileta mpira mwingine, na vita nyingine. Jaji alisikia hayo kupitia ukutani, kwa sababu kelele za Jumapili zilifika mpaka kliniki, na siku hizi alipenda kwenda kazini hata Jumapili, chumba cha nyuma, ambako meno ya bandia yalimsubiri juu ya nta.

Na Mama Pacha hakumfukuza, wala hakumrudishia kile kilichokuwepo. Ilikuwa nyumba yenye amani, na mgeni asingegundua kitu.

Alikutana na shemeji yake kwenye shughuli za familia, kama ilivyo lazima. Kwenye harusi ya binamu mmoja, waandaaji ambao hawakujua lolote waliwaweka Jaji na Matumaini meza moja, viti viwili vilivyopakana. Waliongea vizuri. Waliongea habari za mvua, na jinsi saruji inavyoharibika ikikaa ghalani, na meno ya mjomba ambayo Jaji alikuwa ameyatengeneza. Matumaini alimmiminia soda kabla ya kujimiminia yeye.

Upande wa pili wa meza akakaa kijana mmoja wa upande wa bibi harusi, ambaye hakuwajua, akawa anamweleza mwenzake kwa bidii kuhusu gemu ambazo Kobe ametangaza juzi, ipi itafaa na ipi itakuwa takataka. Mwishowe aliwageukia wakubwa hawa wawili kwa heshima.

"Na nyinyi wazee, mnaonaje? Kobe wa mwaka huu atatufaa?"

"Mimi hayo siyafuatilii," alisema Matumaini.

Kijana akamtazama Jaji.

"Hata mimi," Jaji alisema, na akainama akakata kipande cha keki.